Siku tatu Loiyangalani: maji ya chemchemi, stima ya jua na birika langu

Mimi na mke wangu tulilala usiku tatu kwa lodge moja pale Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, jina nitaliacha, tulitoka Nairobi na Land Cruiser ya kuazima tukapitia Maralal na South Horr. Kabla hujafika unapita Sarima penye ile mitambo ya upepo, yote 365, megawati 310, unashangaa mpaka shingo inauma, halafu ukifika lodge unaambiwa hapa hakuna stima ya laini, ni sola tu. Ile ya upepo inapita na nguzo zake moja kwa moja mpaka kituo cha stima cha Suswa, mbali kule kusini. Haya.

Maji kusema ukweli wamejipanga. Yanatoka chemchemi, pampu ya sola inayasukuma mpaka tenki lililo juu kwa mawe, toka hapo yanateremka yenyewe. Kipimo chao nilikipenda sana: ndani ya tenki kuna chupa ya plastiki inaelea, imefungwa kamba, kamba inapita juu ya ukingo na upande wa nje inaning'iniza jiwe. Jiwe likiwa chini tenki limejaa, likipanda jua maji yanaisha. Mke wangu alikuwa analiangalia kila asubuhi hata kabla ya chai. Ya kuoga yanapita kwa paipu iliyolazwa juu ya yale mawe meusi, kwa hivyo saa nane mchana usithubutu, utachomeka, oga alfajiri. Ya kunywa yamechujwa, yana kaladha kidogo ka chumvi lakini unazoea. Ya ziwa usijaribu, ni magadi na floridi.

Sasa stima. Tulifika saa moja jioni nina hamu ya chai, nikachomeka birika langu la wati 2,000, inverta, ile mashine ya kugeuza stima ya betri iwe ya soketi, ikalia piii na lodge nzima ikawa giza. Mpishi akaja na tochi, mpole kabisa, akaniambia "Boss, hiyo birika ni ya Nairobi." Niliona aibu, lakini si wangebandika tu karatasi mlangoni? Na betri zao zimechoka, feni ilikuwa inazima saa tisa usiku kila siku, fundi mwenyewe alikubali mbili zimekufa. Kwa pesa tuliyolipa hiyo sikuipenda hata kidogo. Tuliokolewa na upepo, kule usiku unavuma vibaya sana, unafungua dirisha unapoa ila asubuhi unakung'uta mchanga kwa shuka.

Nawapa nyota tatu na nusu, hiyo nusu ni ya mpishi.

Jioni ya mwisho likaja kundi la wageni na lori mbili, vumbi tupu, wote wakaingia bafuni mara moja. Mimi nikasema nitaoga baadaye. Nilipofungua bomba likakohoa tu, nikaletewa ndoo moja ya watu wawili, na mke wangu ameketi nje anacheka, "si nilikuambia jiwe limepanda?"