Ringi za naitraidi kwenye mashine yangu ya kusaga

Nasaga mahindi na mtama Kongwa kwa injini ya S195, ile ya Kichina yenye silinda moja iliyolala. Kwa vumbi la huku ringi za kawaida za pistoni (vile vikuku vyenye mkato vinavyoziba kati ya pistoni na silinda) zilikuwa zinaisha upesi: oili inapungua, moshi wa bluu, na hendo ya kuwashia inazunguka kilaini tu kwa kuwa mgandamizo unavuja. Fundi akanishauri nichukue seti ya naitraidi, yaani ambayo ringi ya juu ni ya chuma cha pua kilichopikwa kwenye gesi ya amonia, kwenye joto la nyuzi 500 na kitu. Naitrojeni inaingia kwenye ngozi ya chuma na kuifanya ngumu sana, huku ndani ringi ikibaki na mnyumbuko wake.

Bei ni karibu mara mbili. Nimeridhika, lakini usizinunue ukitegemea kuponya silinda iliyokwisha kuliwa. Silinda huliwa zaidi kule mwisho, ringi inapogeuzia, maana pale moto ni mkali na oili ni chache. Ukipitisha kidole unagusa ngazi. Tundu likishapoteza duara, ringi haizibi hata iwe ngumu vipi. Mimi nilifunga na slivu mpya (bomba la ndani la silinda) ya kipenyo cha milimita 95.

Kabla ya kuivisha pistoni, fundi alisukuma kila ringi ndani ya slivu akapima pengo la ncha kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Simama hapo hapo uhakikishe harukii hatua hii. Ncha zikikutana injini ikipata moto, ringi inakwangua slivu au inakatika. Maandishi ya kwenye ringi yatazame kichwa cha pistoni, na mapengo yasikae mstari mmoja.

Tumemaliza msimu mzima wa mavuno na hendo bado nzito, oili naongeza kidogo sana. Tulipofungua silinda hedi, michoro ya honi (mikwaruzo ya makusudi ya kushika oili) ilikuwa bado inaonekana ukutani. Sifa hiyo si ya ringi peke yake: chujio langu la hewa ni la bakuli la oili, na vijana wanaliosha bila kukumbushwa (siku hizi). Mchanga ukipita pale, slivu inasagika tu.

Ninachokilalamikia ni muuzaji. Aliapa seti nzima imepikwa, kumbe zilizobaki ni za chuma cha kusubu cha kawaida. Hilo halina neno, kwa kuwa kazi kubwa inabebwa na ringi ya juu, ila basi aiuze hiyo peke yake. Hataki.