Kutoa sedani ya heshima upate yenye nguvu zaidi: ipi uchukue ukiwa Arusha au Moshi

Una Crown Athlete ya 2.5, au Benz C200, au BMW 320i. Haikudai kitu, ndani kumetulia, mlinzi wa hoteli anafungua geti bila kuuliza. Shida inaanza ukishaiacha Tengeru nyuma na barabara ikabana. Mbele kuna semi-trela, nyuma kuna Noah inakuwashia taa, unakanyaga, na gari inafikiri kwanza ndipo iondoke. Ukifika Kikatiti umeshaanza kupiga hesabu: nikiipeleka yadi, niongeze ngapi?

Kabla ya kuongeza hata shilingi, jua unachonunua. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na sehemu kubwa ni makazi: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, Kwa Sadala. Ni spidi ya 50, matuta, na trafiki mwenye tochi chini ya mti. Faini ni 30,000 kwa kosa. Spidi ya juu kabisa ya gari haina pa kutumika hapo. Unachokihitaji ni gari inayotoka 60 hadi 100 haraka, ulipite lori na urudi upande wako. Kazi hiyo inafanywa na nguvu ya kuvuta, ile inayopimwa kwa Nm, na hasa Nm zinazopatikana injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa hupatikana mshale wa mzunguko wa injini ukiwa juu kabisa, mahali ambapo wengi wetu hatufiki.

Halafu kuna hewa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 13 hadi 15. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Crown ya 2.5 iliyotoka kiwandani na farasi 203, ukiwa Sakina unaendesha farasi 170 na ushee. Moshi mjini ni chini zaidi, haifiki mita 1,000, kwa hiyo hasara ni ndogo, mpaka upande Marangu au Machame. Tabo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, ndiyo maana gari yenye tabo haiusikii mwinuko huu sana. Mtu analeta gari kutoka Dar, ikiwa huku anasema imechoka, anailaumu pampu ya mafuta. Pampu haina tatizo.

Kwa hiyo orodha yangu inapangwa kwa vitu viwili: inavutaje ikiwa huku juu, na ikiharibika nani ataitengeneza bila kuipandisha kwenye lori kwenda Dar.

Anza na gari uliyonayo

Hii ingekuwa namba moja kwenye orodha kama ingekuwa inauzwa. Crown na Mark X za 2.5 zina injini ya 4GR-FSE, ambayo mafuta yake yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Vali za kuingiza hewa haziguswi na petroli hata tone, kwa hiyo haziogi. Masizi yanaganda juu yake mwaka baada ya mwaka, njia ya hewa inakuwa nyembamba, gari inatetemeka ikisimama kwenye taa na inakuwa nzito kwenye kilima. Mwenyewe anadhani ni uzee. Fundi anayeijua atavua manifoldi, akuonyeshe vali zilivyovaa ukoko mweusi, azikwangue na kuzisafisha. Hapo hapo badilisha plagi, angalia koili, na ufungue kisanduku cha chujio la hewa. Kama huwa unapita vumbi la Makuyuni, utalikuta limekuwa jekundu.

Mwenye BMW 320i ya umbo la F30, zile za mwanzo, ana njia nyingine. Gari yake ya farasi 184 na dada yake 328i ya 245 zinatumia familia moja ya injini, N20 ya lita 2 yenye tabo, na tofauti kubwa iko kwenye programu. Kurimapu gari hiyo, yaani kubadilisha programu ya injini, kwa mtu anayejua kunaleta badiliko la kweli. Kurimapu Crown ya 2.5 isiyo na tabo ni kuchoma hela. Na vile vikopo vya kuchomeka chini ya dashibodi vinavyouzwa mitandaoni, achana navyo.

Ukishasafisha, ukaendesha wiki kadhaa, na bado roho haijatulia, basi endelea kusoma.

Namba moja: Crown Athlete ya 2.0 yenye tabo

Hii watu wengi wanaipita yadi bila kuitazama mara mbili, kwa sababu wakisikia lita 2 wanaona wanashuka daraja kutoka 2.5. Ni ile Crown ya umbo la S210, injini 8AR-FTS, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2015. Ina farasi 235, lakini kinachonivutia ni Nm 350 zinazopatikana kuanzia mzunguko wa 1,650 tu, na gia nane. Linganisha na 2.5 yako yenye Nm 243, ambazo zinakutaka ukanyage mpaka injini ipige kelele. Ukiwa nyuma ya fuso pale King'ori unagusa tu, inashusha gia na imeshapita.

Injini hii inapuliza mafuta kote kuwili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zinaoga na ule ugonjwa wa masizi unapungua sana. Kwenye ushuru nayo inakaa vizuri: injini isiyozidi cc 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Angalia pia umri. Gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15, na iliyozidi 10 inaongezewa 30. Usikisie, ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka modeli na mwaka, kitakupa jumla kabla hujamtumia mtu hela.

Ubaya wake? Tabo inataka oili nzuri na kwa wakati. Ukizoea kumwambia fundi "weka yoyote", hii si yako.

Namba mbili: Crown Athlete au Mark X ya 3.5

Hapa ndipo moyo wa wengi ulipo, na siwalaumu. Mark X 350S ina farasi 318 na Nm 380, Crown ya 3.5 iko karibu hapo hapo na 315. Hata ukiipunguzia hewa ya Arusha bado inabaki na farasi zaidi ya 260, na sauti yake ikifunguka huwezi kuifananisha na tabo yoyote. Injini yake, 2GR-FSE, nayo inapuliza mafuta kote kuwili. Haina tabo ya kuharibika. Spea za miguu, breki na bodi zinapatikana kirahisi kwa sababu mitaa imejaa 2.5 za umbo hilo hilo, na gereji za Unga Limited zinaijua Crown nje ndani.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kituo cha mafuta. Tuchukulie unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari inayokupa kilomita 11 kwa lita itakunywa kama lita 1,365. Inayokupa 8 itakunywa 1,875. Lita ikiwa 3,000, tofauti ni zaidi ya milioni moja na nusu, na nimeihesabia 3.5 kwa huruma, maana ukiwa na mguu mzito mjini haitafika hata 8. EWURA, wanaosimamia bei ya mafuta, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwenye 3.5 huwa anaikumbuka tarehe hiyo kuliko siku ya mshahara.

Kuwa makini na moja: 3.5 bandia. Mtu anabandika nembo ya 350S kwenye 2.5 na bei inapanda. Fungua boneti, soma kibati. Kwenye Mark X ya umbo jipya, chesesi ya 3.5 inaanza na GRX133, ya 2.5 ni GRX130. Kwenye Crown ya 2008 hadi 2012 tafuta GRS204.

Namba tatu: dizeli ya Kijerumani

Hii ni ya mtu mmoja maalumu: anayelala Moshi na kufanya kazi Arusha, au anayekwenda Karatu na Babati kila wiki. Benz C220d ya umbo la W205 ina farasi 170 tu, namba isiyomtisha mtu, lakini Nm zake ni 400. BMW 320d ya baadaye, yenye injini ya B47, ni 190 na 400. Ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, dizeli hizi zinaupanda huku dereva anaongea na abiria.

Mambo mawili usiyapuuze. BMW 320d za zamani zina injini ya N47, ambayo cheni yake iko nyuma, upande wa gia boksi. Ikilegea, injini inashushwa yote. Chukua B47 au acha. La pili ni kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho hujisafisha chenyewe gari ikitembea safari ndefu. Kama maisha yako ni Njiro, shule ya watoto, sokoni, na kurudi, kitaziba na utailaani gari isiyo na kosa.

Namba nne: BMW 328i na 340i

Kwa raha ya kuendesha hizi zingekuwa juu kabisa. 328i inatoa Nm 350 kuanzia 1,250, na 340i ina farasi 326 na Nm 450, kitu ambacho barabara zetu haziwezi kukitumia chote. Tatizo la 328i ni vishikio vya plastiki vya cheni kwenye N20, hasa zilizotengenezwa kabla ya 2015. Nenda kuiona asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, agana naye. Ikiwashwa baridi sikiliza upande wa mbele wa injini. Mlio mwembamba kama kilio unaopanda na mshale ni cheni inayokula plastiki. Benz C200 na C180 za W204 nazo zina ugonjwa wa cheni, ila zenyewe hutoa mchakacho kama wa sarafu ndani ya kopo kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Muuzaji atakuambia ni kawaida. Si kawaida.

340i haina tatizo hilo la cheni, ila bei yake na ushuru wa lita 3 vinaitoa kwenye hesabu za wengi. Na nyingi kati ya BMW hizi zilikuja na tairi ngumu zinazotembea bila upepo, hakuna tairi ya akiba kwenye buti. Pancha ya usiku Makuyuni ikiwa tairi imechanika ubavuni ni kulala huko.

Namba tano: Subaru yenye tabo

Legacy B4 ya 2.0 DIT, farasi 300 na Nm 400, magurudumu yote manne yanavuta. Kwa anayekaa Kibosho au Old Moshi na anaijua njia ya nyumbani wakati wa masika, ina maana yake. Lakini nyingi zimepitia mikono ya vijana, na heshima ya sedani uliyotoka nayo hutaikuta humo ndani. Ukipata iliyotunzwa, chukua.

Crown ya mseto ya 2.5, yenye betri, sikuipanga. Jumla ya farasi ni 220, inaondoka vizuri, mafuta haili. Ila si jibu la mtu anayetafuta nguvu.

Hesabu ya yadi

Yadi wana sentensi moja: "Lete yako, ongeza kumi na tano tu bosi, tumalizane." Hapo wamechanganya bei mbili ili usizione. Zitenganishe. Uliza kwanza ile unayoitaka ni bei gani kwa mtu anayekuja na taslimu, asiye na gari. Wakishataja, ndipo uweke ufunguo wako mezani. Tuchukulie yao ni milioni 42, na yako wameipa 27. Kama yako, ikiwa namba E na bado safi, ingetoka kwa 32 ukiiuza mwenyewe, umewalipa milioni 5 kwa kukuondolea usumbufu wa madalali. Kwa mwenye haraka inaweza kuwa sawa. Kwa mwenye miezi miwili ya kusubiri, hapana.

Usiipeleke ikiwa na taa ya cheki injini inayowaka. Koili moja mbovu itakatwa kwenye bei yako kama vile injini yote imekufa.

Siku ya kukabidhiana, peleka mashine ya kusoma makosa ya injini na fundi wako, asiwe wa yadi. Angalia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, kwa gari zote mbili, maana tochi inaandika namba na haimjui dereva. Na usiache kadi ya gari yako kwa ahadi ya "tutahamisha wiki ijayo". Uhamisho ufanyike TRA wewe ukiwepo, kwa jina la mnunuzi halisi. Yadi nyingi hupenda kadi ibaki na jina lako mpaka wapate mteja, na mteja huyo anaweza kuwa anaovateki Same saa nane usiku kwa jina lako.