Riwaya za Roma ya kale: mimi nilianza na katibu muhtasi

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Kijana alianzia elfu kumi na mbili, tukaishia elfu nane. "Mama, hicho kizima kabisa." Nikaenda nacho nyumbani, nikakisoma usiku wa kwanza, usiku wa pili, na pale kesi iliponoga nikafunua ukurasa nikakuta watu wengine kabisa wanazungumza mambo mengine. Kurasa 16 hazimo. Kesho yake nikarudi. Akanitazama kwa huruma: "Sasa mama, nani ananunua kitabu huku anahesabu kurasa?" Ikabidi ninunue nakala ya kusomea kwenye simu, nikamalizia humo huku macho yakiniuma. Kwa hiyo kitabu hiki kimoja nimekilipia mara mbili, na bado nakisifu.

Kinaitwa Imperium, cha Mwingereza Robert Harris, kilitoka mwaka 2006. Kikafuatiwa na Lustrum (2009) na Dictator (2015). Angalizo kwa wanunuzi: hicho cha pili Marekani kiliuzwa kwa jina la Conspirata, msije mkanunua kitabu kimoja mara mbili mkidhani ni viwili. Vyote vitatu vinasimulia maisha ya Cicero, wakili aliyepanda ngazi za siasa za Roma mpaka akawa konsuli, cheo cha juu kabisa cha serikali yao, mwaka 63 KK. Lakini anayesimulia si Cicero. Ni Tiro, mtumwa wake na mwandishi wake, ambaye sasa ni mzee wa karibu miaka mia na anakumbuka miaka 36 aliyomtumikia bwana yule.

Hapo ndipo niliponaswa. Mimi ni katibu muhtasi, mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa kwenye kiti hicho. Nilisomea uhazili Tabora, enzi ambazo hati mkato bado ilikuwa somo la kuwafelisha watu. Unaisikia sauti ya mwalimu anasoma, mkono unakimbia, na ukikosa neno moja ukasimama kulifikiria, umekwisha. Basi huyu Tiro ndiye anayetajwa kuwa baba wa hati mkato ya Kilatini. Aliandika kwa kalamu ya ncha kali kwenye vibao vilivyopakwa nta, na alama zake ziliendelea kutumika kwenye nyumba za watawa karne nyingi baada ya Roma kuanguka. Ile alama yake ya "na", inayofanana na saba, mpaka leo inaonekana kwenye vibao vya barabarani huko Ireland. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya wakubwa wa kale, ameandika kwamba Desemba ya mwaka 63 KK Cicero aliwapanga waandishi ndani ya seneti wakanakili hotuba ya seneta Cato kwa alama za mkato. Wakati huo seneti inajadili kama wala njama wa kuipindua serikali wauawe au wasiuawe! Mimi vikao vyangu ni vya bajeti ya mafuta ya magari, na bado mkono hutetemeka bosi akianza kufoka.

Watu wakisikia riwaya ya Roma huwaza panga, simba na magari ya farasi. Humu vita vingi hupiganwa kwa karatasi, na nusu ya kwanza ya Imperium ni kesi moja tu: Cicero anamshtaki Gaius Verres, gavana aliyeikamua Sisilia miaka mitatu. Alipewa siku 110 za kukusanya ushahidi, akaumaliza kwa siku 50. Upande wa pili walikuwa wanavuta muda ili kesi ivuke mwaka, wenzao washike madaraka. Cicero akafanya jambo ambalo wakili yeyote mwenye majivuno lingemshinda: akaacha hotuba yake ndefu ya ufunguzi, akaita mashahidi moja kwa moja. Verres hakungoja hukumu, akakimbilia Massilia, ambayo leo ni Marseille.

Baada ya kumaliza nikaenda kuzitafuta hotuba halisi za Cicero kuhusu Verres, na kuna kipande sitakisahau. Kwenye daftari za kampuni ya watoza ushuru kule Siracusa, Cicero aliona jina la mtu fulani, Verrucius, aliyefanya biashara kubwa na kampuni kisha akayeyuka. Kila lilipoandikwa jina hilo, herufi za mwanzo zilikuwa safi na za mwisho zimefutwa na kuandikwa upya. Verr-, halafu uchafu. Aliyewahi kukaa masjala anajua hali hiyo. Karatasi iliyokwaruzwa na kuandikwa juu yake huijui kwa macho peke yake, hata kidole kinakuambia.

Sasa kasoro, maana zipo. Tiro ni mtumwa aliyetulia mno. Anampenda bwana wake, anamtetea, hata matusi anayafunika. Najua si uzushi mtupu, kwa kuwa barua za Cicero kwa Tiro zipo, kitabu kizima cha kumi na sita cha barua zake kwa marafiki na jamaa, na nyingi zinamuuliza afya na kumsihi asisafiri mpaka apone. Cicero alimpa uhuru mwaka 53 KK. Lakini mimi nimeishi Tabora. Nimepita kwenye miembe ambayo wenyeji hukuonyesha wakikusimulia misafara ya pembe na watu. Siwezi kumsoma mtumwa asiyekasirika nikaendelea kunywa chai yangu bila kujiuliza. Mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, jemadari Crassus aliwatundika watumwa 6,000 misalabani kandokando ya barabara ya Appia, kutoka Capua mpaka Roma. Nilipiga hesabu: ni kama kilomita 200, kwa hiyo mtu mmoja kila mita 33. Unatoka kwenye miguu ya huyu, hatua arobaini hivi, uko kwenye miguu ya mwenzake, kilomita 200. Mambo hayo kitabuni yamo. Nilitaka Tiro akae nayo zaidi kama mtu ambaye naye angeweza kutundikwa.

Wanawake nao ni wachache. Terentia, mke wa Cicero, ana ulimi mkali na pesa zake mwenyewe, na kila akiingia ukurasa unachangamka. Basi aingizwe mara nyingi zaidi!

Na majina. Hapo wengi huacha. Warumi walirithishana majina kama sufuria, baba Marcus, mwana Marcus, Metellus wako wengi kama mchanga. Nilikata bahasha ya kaki, nikaandika majina na vyeo, nikaifanya alamisho. Cicero mwenyewe ni rahisi kumshika: jina limetokana na dengu. Kuanzia hapo kila nikichambua dengu jikoni namwona.

Katika vitatu hivi, Dictator ndicho kizito kuliko vyote. Kinaanza Cicero akienda uhamishoni mwaka 58 KK na kinaishia Desemba 43 KK, askari wa watawala watatu wapya walipomkuta njiani. Kichwa na mikono vilipelekwa Roma vikaangikwa kwenye jukwaa la wasemaji. Mikono, kwa sababu ndiyo iliyoandika. Nilikuwa kwenye daladala nilipofika hapo, nikapitiliza kituo.

Kama ulisoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, ile tafsiri ya Shakespeare iliyotoka 1963 na kusahihishwa 1969, utakumbuka Cicero anapita tu humo, maneno yake machache. Baba yangu alikuwa na nakala isiyo na jalada, na kwa miaka mingi Roma yangu yote ilikuwa ile. Kusoma Dictator baada yake ni kama kuingia nyumba ileile kwa mlango wa jikoni.

Mtu akitaka aanze na I, Claudius cha Robert Graves (1934), simkatazi. Kinasimuliwa na Claudius mwenyewe, mjukuu mwenye kigugumizi na mguu mbovu ambaye ukoo wa kifalme unamdharau, na bibi yake Livia wa humo anatisha kuliko jeshi. Ila kinataka subira na bahasha mbili za majina. Mimi ningekiweka cha nne.

Juzi nilirudi Posta. Nimepata The First Man in Rome cha Colleen McCullough (1990), tofali la kitabu, lenye faharasa ndefu nyuma ya kukueleza kila cheo na kila vazi. Kijana akataja bei, mimi nikavuta kigoda, nikaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja.