Pedeli pana za Shimano GR500 kwa mguu uliowahi kuvunjika

Mguu wangu wa kulia ulivunjika kifundo mwaka 2016 nikiwa abiria wa bodaboda. Niliwekewa vyuma, mfupa ukaunga, ila tangu hapo vidole vinatazama nje na kifundo hakikunjiki kama zamani. Mimi ni fundi cherehani. Nyumbani ni Tengeru, fremu yangu ya kazi iko Arusha mjini, na safari hiyo naifanya kwa baiskeli. Nikifika kazini nakanyaga tena cherehani hadi jioni, kwa hiyo mguu huu haupumziki.

Goti lilianza kuuma mbele na upande wa ndani. Nilipandisha kiti, maumivu ya mbele yakapungua, ya ndani yakabaki palepale. Vijana wa baiskeli za mwendo kasi wakanishauri nifunge pedeli za kunasa, zile ambazo kiatu kina kipande cha chuma chini yake kinachoingia kwenye pedeli. Nikakubali. Kumbe ili kiatu kitoke, lazima uzungushe kisigino kwenda nje, na hicho ndicho kitendo ambacho kifundo changu hakiwezi. Nilianguka mara mbili kwenye taa za barabarani, mara zote upande wa kulia.

Sisemi pedeli hizo ni mbaya. Ukiwa na jeraha na bado unazitaka, uliza kwanza kile kipande cha chini ya kiatu kinauachia mguu nafasi ya kucheza kiasi gani. Na rangi zisikuchanganye! Vile vya kampuni ya Look, aina ya Keo, chekundu kinacheza nyuzi (digrii) 9, cha kijivu 4.5, cheusi hakichezi kabisa. Vile vya Shimano vya baiskeli za barabarani, chekundu ndicho kisichocheza, cha njano kina nyuzi 6. Ukimwambia muuzaji "nipe chekundu" bila kutaja aina, unaweza kupewa kinachokubana wakati unatafuta kinachokulegeza. Kwa zile za SPD, aina nyingine ya pedeli za kunasa za Shimano, kuna kipande cha SH56, kinachoachia kiatu pande nyingi kuliko SH51 cha kawaida. Kwa mwenye kifundo kigumu, ningeanza na hicho.

Jibu langu lilitoka kwenye cherehani. Pale kwenye ubao wa kukanyagia hakuna anayeniambia niweke wapi mguu. Unajiweka wenyewe, na goti haliumi. Nikakaa ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia, kisha nikaishusha taratibu sakafuni na kuizungushia chaki ya kukatia nguo. Wa kushoto ulikuwa umenyooka. Wa kulia umekaa mshazari. Nilikuwa nimeulazimisha kunyooka miaka yote hiyo, na goti ndilo lililokuwa likilipa.

Ndipo nikanunua GR500. Ni pedeli za alumini, bapa, pana, katikati zimebonyea kidogo, na zina vijino vya chuma vinavyoshika soli. Mguu unakaa mshazari unavyotaka, na hautelezi. Pedeli za mpira zilizokuja na baiskeli yangu zilikuwa zikiteleza masika, nami nakaza mguu ili usitoke. Kule kukaza nako kulikuwa kunaniumiza. Sasa navaa raba yenye soli bapa tu, sihitaji kiatu maalumu. Bei ilikuwa karibu mara nne ya pedeli za plastiki nilizoonyeshwa, na siijutii hata shilingi moja. Jambo la kuangalia kwenye pedeli zote za vijino ni muundi: ukikosea kukanyaga zinachuna ngozi, basi siku za mwanzo vaa suruali nzito.

Tatizo moja lilibaki. Vidole vikitazama nje, kisigino kinaingia ndani, kikawa kinagusa krenki, ule mkono unaoshika pedeli, kila mzunguko. Fundi akanipatia kipande cha kurefusha ekseli, milimita 20, kinachofungwa kati ya krenki na pedeli. Kisigino kikapata nafasi. Usikifunge kwa kuiga lakini. Kama kisigino chako hakigusi kitu, kuupeleka mguu nje zaidi kunaweza kulianzishia goti shida nyingine. Na wewe au fundi wako mkumbuke kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume, na kipande hicho vilevile. Ukilazimisha, unaharibu krenki.

Natumia pedeli hizi mwezi wa saba sasa. Jioni za baridi kifundo bado kinavimba, hilo ni la vyuma. Goti sijalipaka dawa tangu wiki ya tatu.