Riwaya sita za Kezilahabi: uanze na ipi, na utakwama wapi

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi kwa njia mbili tu. Kuna waliopewa Rosa Mistika shuleni, wakaijibia mtihani, wakaiweka. Na kuna waliosikia kwamba Nagona ndicho kitabu kigumu kuliko vyote, wakakinunua kwa hamu, wakafika ukurasa wa kumi na tano, wakakirudisha kabatini. Katikati hapo zimebaki riwaya ambazo watu huzitaja bila kuzisoma, na mojawapo, Kichwamaji, kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote alizoandika.

Kwa mfuatano wa kutoka kwake ni Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Zisome hivyo hivyo, usiruke. Mwandishi huyu hujibishana na vitabu vyake mwenyewe: swali analoliacha wazi katika kimoja hulishika katika kinachofuata, na anayeingilia mwishoni husikia majibu ya maswali ambayo hakuyasikia yakiulizwa.

Neno kidogo juu ya lugha. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, na Kiswahili alichoandikia ni cha bara: sentensi fupi, msamiati wa kila siku, mapambo machache. Aliyelelewa na vitabu vya Shaaban Robert, au aliyezoea waandishi wa Unguja, huenda akadhani hapa pana umaskini. Asikate tamaa mapema. Katika Kichwamaji unaweza kupita kurasa nyingi bila kukutana na neno hata moja usilolijua, na bado ukajiuliza kilichotokea kina maana gani. Kamusi haitakuokoa. Uzito umekaa kwenye mpangilio: nani anauliza, nani anakaa kimya, tukio lipi limewekwa kando ya lipi. Palipo na lugha nyepesi kupita kiasi, hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Rosa Mistika yatosha jioni tatu. Zakaria, baba mlevi, anampiga mkewe Regina na kumchunga binti yake mkubwa, Rosa, kwa ukali usio na mazungumzo. Barua moja ya mvulana, Charles, inatosha kumletea Rosa kipigo. Anapotoka nyumbani kwenda shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hajui kukubali wala kukataa, kwa kuwa nyumbani hakufundishwa chochote ila hofu. Kitabu kilizuiwa mashuleni kilipotoka, kisha kikaja kuruhusiwa na kusomeshwa.

Kosa la kawaida ni kukisoma kama onyo kwa wasichana. Mtihani umetuzoesha kutafuta funzo, na funzo hilo liko karibu sana, kwa hiyo msomaji huliokota na kwenda zake. Jaribu hivi: chukua karatasi, andika jina la kila mwanamume anayepita katika maisha ya Rosa, na mbele yake andika kazi au cheo chake na ahadi aliyotoa. Ukimaliza kitabu, isome hiyo karatasi peke yake. Kisha rudi kwenye sehemu ambapo Charles anamkataa Rosa kwa sababu ya ubikira, uone kama bado unaiona hadithi ya malezi mabaya ya nyumba moja. Udhaifu wa riwaya hii upo: mwandishi alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, na mara kwa mara msimulizi hukatiza tukio ili atueleze la kufikiri. Sehemu hizo zipite haraka, matukio yenyewe yamekwisha kusema.

Sasa Kichwamaji. Anayesimulia ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi Ukerewe kwa likizo. Tunamkuta akisubiri nje ya ofisi ya D.C., yaani mkuu wa wilaya, na huyo D.C. ni Manase, mtu waliyekua pamoja. Sehemu hiyo ya kusubiri ni fupi, na wengi huipita kama utangulizi. Isome mara mbili kabla ya kuendelea. Humo mna wivu, mna aibu ya msomi asiye na kitu mbele ya msomi mwenye kiti, mna urafiki uliokwisha bila mtu kuutangaza. Baadaye tunajua kwamba Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto anaapa kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Kisasi kinageuka mapenzi, mapenzi yanageuka ndoa, na ndoa inaishia kwenye mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, kama mtoto wa Manase. Hapo ndipo jina la kitabu linapofunguka pande zote mbili: ni ugonjwa wa mtoto, na ni ugonjwa wa baba zao waliosoma wakabaki na vichwa vilivyojaa kitu kisicho na faida.

Mambo mawili humkwamisha msomaji. La kwanza ni kwamba Kazimoto hapangi kumbukumbu zake. Utoto, ndoto, mabishano juu ya Mungu na habari za jana vinaingiliana bila alama. Dawa yake ni penseli: mstari mmoja pembeni kwa yanayotokea sasa, mistari miwili kwa yanayokumbukwa. Ukishafanya hivyo kwa kurasa thelathini za mwanzo, jicho litazoea na penseli utaiacha. La pili ni zito zaidi. Tunamwamini Kazimoto kwa sababu anasema "mimi" na kwa sababu anaonewa. Lakini huyu ni mtu aliyepanga kumharibu msichana asiye na kosa ili kumwumiza kaka yake, naye anatueleza jambo hilo kwa sauti ile ile tulivu anayotumia kueleza hali ya hewa. Kila anapoanza kufalsafa, angalia ametoka kufanya nini muda mfupi uliopita. Mara nyingi falsafa ni blanketi, na yeye yuko chini yake.

Watu huuliza kama kitabu hiki kinakatisha tamaa. Ndiyo, kinakatisha. Rosa Mistika na Kichwamaji zote mbili zinaishia kwa mtu kujiua, na mwenye kuongoza kikundi chenye vijana awaambie mapema, kabla ya kugawa nakala, ili anayebeba msiba wa aina hiyo nyumbani kwake achague mwenyewe kama atasoma. Hata hivyo hakuna riwaya nyingine ya Kiswahili ya miaka ile inayothubutu kumwacha msomaji peke yake namna hii, bila mzee wa hekima wa kuja kumfariji mwishoni.

Baada yake pumzika kwa ushairi. Kichomi, diwani iliyotoka mwaka huo huo wa 1974, ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa juu ya mashairi yasiyo na vina wala mizani. Chukua shairi moja kwa siku, kwa sauti. "Kisu Mkononi" lisome mara tu baada ya Kichwamaji, utasikia ni pumzi ile ile.

Dunia Uwanja wa Fujo ndiyo ninayoipendekeza kwa kusitasita. Tumaini anarithi mali, anaitapanya, anajijenga upya akawa mkulima tajiri Shinyanga, kisha Azimio la Arusha, tangazo la siasa ya ujamaa, linamfikia. Anampiga risasi mkuu wa wilaya, na Tumaini ananyongwa. Wazo lenyewe ni zuri: kila mtu huja uwanjani, akafanya fujo lake, akatoka. Tatizo ni kwamba wahusika ni wengi na baadhi yao hupotea kabla hatujawazoea. Kata karatasi ndogo, andika majina na uhusiano wao, itumie kama alama ya ukurasa. Ukichoka katikati, usikiache. Theluthi ya mwisho inalipa deni.

Gamba la Nyoka ni nyepesi kusoma na ni ya thamani kwa yeyote anayetaka kujua operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ilivyoonekana kwa wanakijiji wenyewe. Kuna vijiji vya Kisole na Bucho, na vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, ambao majina yao yanatosha kukuonyesha mwandishi anakoelekea. Nyoka akijivua gamba bado ni nyoka. Ukiwa na mzee wa familia aliyehamishwa miaka ile, msomee sura moja na umwache aseme. Atasahihisha, ataongeza, na kitabu kitapata mwili.

Kutoka hapo hadi Nagona kuna miaka kumi na moja, na haikuwa mitupu. Kezilahabi alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, akiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya alikuwa ameacha kuamini kwamba kisa chenye mwanzo, kati na mwisho kinaweza kubeba alichotaka kusema. Hili ukilijua, nusu ya hasira yako juu ya Nagona itapoa.

Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa themanini, na wembamba huo ndio mtego. Watu hukisoma kurasa tano tano kabla ya kulala. Hakisomeki hivyo. Hakina kisa cha kukukumbusha ulipoishia jana. Kinakwenda kwa mwangwi, picha ya mwanzo ikirudi baadaye imevaa nguo nyingine, na ukilala katikati mwangwi unakatika. Tenga saa tatu, asubuhi, simu iwe chumba kingine. Usomaji wa kwanza usiwe na penseli wala kusimama, usipoelewa, songa. Msimulizi yumo safarini, anapita penye ukimya, anakutana na wanafikra wa dunia, anauliza na kujibiwa kwa mafumbo, na mwisho iko ngoma kuu. Hayo yanatosha kwa mara ya kwanza.

Acha siku mbili au tatu zipite. Mara ya pili soma kwa sauti na ufuatilie mambo matatu tu: duara na kitovu chake, ukimya, na kila swali linalojibiwa kwa kitendawili. Usiongeze la nne. Wanaoharibikiwa ni wale wanaotaka kufumbua kila alama, mnyama huyu ni nani, mzee yule ni chama gani. Nagona si fumbo la kufungwa kwa ufunguo mmoja, na mwalimu anayetoa ufunguo huo anawanyang'anya wanafunzi kitabu.

Mzingile isome ndani ya wiki hiyo hiyo, wakati masikio bado yamefunguka. Aliyewahi kusikia "mzingile mwambiji" anajua kwamba ni njia zinazozungukana hadi mtu akapotea. Hapa angalau kuna uzi wa kushika: msimulizi anampelekea mzee Kakulu habari za kifo cha mwanawe, na anaporudi anaikuta dunia iliyokwisha kuteketea. Kwa mawazo yangu ni nzuri kuliko Nagona, kwa sababu ina huzuni ambayo hata msomaji asiyejali falsafa ataihisi.

Kuhusu nakala. Vitabu hivi vimepita kwa wachapishaji mbalimbali kwa zaidi ya miaka hamsini, na kurasa hazilingani toleo kwa toleo. Mkisoma kwa kikundi msitaje ukurasa. Tajeni tukio, au maneno matatu ya kwanza ya aya. Mitaani kuna nakala za kurudufu zinazouzwa kama vitabu halisi. Kabla ya kulipa, fungua katikati: herufi zilizofifia upande wa mshono, kivuli cheusi pembeni, au mistari iliyopinda ni dalili kwamba ukurasa umepigwa kopi. Kisha pitisha kidole kwenye namba za kurasa. Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu likidondoka kiwandani, namba huruka 16 au 32 kwa mpigo. Kwenye Dunia Uwanja wa Fujo utalitambua pengo kwa sababu kisa kitakatika. Kwenye Nagona unaweza kumaliza bila kujua, ukidhani ni mtindo.

Kikundi cha watu sita hadi wanane kinatosha. Mikutano miwili kwa Rosa Mistika, minne kwa Kichwamaji, mitatu kwa Dunia Uwanja wa Fujo, miwili miwili kwa zilizobaki: jumla 15, na mkikutana kila baada ya wiki mbili ni kama miezi saba. Kanuni moja inazuia mazungumzo yasigeuke mahubiri: kila anayetaka kusema asome kwanza kwa sauti sentensi aliyoichagua, kisha aseme juu ya sentensi hiyo. Na mkutano wa mwisho, wa Mzingile, uje kila mtu na Kichwamaji mkononi. Fungueni pale mwanzoni, Kazimoto akisubiri kwenye mlango wa Manase, msome hadi anapoitwa ndani.