Vevo 3100 na proba ya MX550D: inafaa kwa tezi za limfu za panya?

Vevo 3100 ni mashine ya ultrasound ya wanyama wadogo wa maabara, na MX550D ni mojawapo ya proba zake, yaani kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ya sauti. Tezi ya limfu ya nyuma ya goti la panya mwenye afya ina urefu wa milimita moja hadi mbili tu. Kwa proba ya hospitali ya MHz 12, wimbi ndani ya mwili lina urefu wa mikromita 128 hivi, na tezi huishia kuwa doa. MX550D hufanya kazi kwenye MHz 40, wimbi likiwa mikromita 38, na hapo tofauti ni kubwa: tezi inajitokeza kama harage jeusi ndani ya mafuta meupe, na mishipa ya damu inapoingilia panaonekana. Kwa anayetaka kufuatilia tezi ileile kwa wiki kadhaa bila kuua panya, inastahili kabisa.

Lakini picha nzuri hutokana na maandalizi. Panya alazwe kwa isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvuta) ya asilimia 2 hadi 3, kisha ishushwe hadi 1 au 1.5, juu ya meza yenye joto. Kwa tezi ya goti alale kifudifudi, mguu umenyooshwa kidogo. Manyoya yaondolewe kwa krimu, ifutwe ndani ya dakika moja na ngozi isuuzwe vizuri, maana ikikaa inaunguza. Unyoya mmoja uliobaki hunasa hewa na kuacha mstari mweusi hadi chini ya picha. Jeli ya ultrasound ipitishwe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) kutoa mapovu, ipashwe joto, kisha imwagwe kwa wingi. Jeli baridi humpoza panya upesi, na mtiririko wa damu unaousoma kwa Doppler (hali ya mashine inayopima mwendo wa damu) unabadilika.

Kosa linaloharibu vipimo kuliko yote ni kukandamiza. Proba ikigusa ngozi, tezi inabonyea na kuwa bapa. Ifungwe kwenye stendi, na ibaki tabaka la jeli la milimita kadhaa kati yake na ngozi. Fokasi, yaani kina ambapo picha ni kali zaidi, nayo iwekwe kwenye kina cha tezi.

Mota ya 3D, inayosogeza proba hatua kwa hatua, usiikose. Ukipima urefu, upana na kimo kwa mkono, kisha ukazidisha kwa 0.52, kosa la kuzidisha milimita 0.1 katika kila kipimo cha tezi ya milimita 1.5 linaongeza ujazo kwa asilimia 21. Skani ya hatua za milimita 0.05, kisha kuchora mipaka kipande kwa kipande, inachosha lakini inaaminika. Washa kidhibiti cha pumzi, kinachoifanya mashine ipige picha kati ya pumzi na pumzi, la sivyo kila pumzi inakata umbo la tezi ya kinena.

Shingoni kuwa mwangalifu: tezi za mate ni kubwa na zimekaa jirani, na mgeni huzipima akidhani ni limfu. Zile za mate hung'aa zaidi. Tezi za tumboni ni ngumu, kwa sababu kina ambacho proba hii inaona hakizidi sana sentimita moja na gesi ya utumbo huziba njia.