Betri ya Hornsdale: hodari wa sekunde, si wa usiku kucha

Anayetafuta betri ya kuhifadhi upepo wa mchana ili jimbo zima liwake hadi asubuhi, Hornsdale siyo. Ilipoanza kazi Desemba 2017, kando ya mitambo ya upepo karibu na Jamestown, Australia Kusini, ilikuwa na nguvu ya megawati 100 na akiba ya megawati-saa 129. Mwaka 2020 ikapanuliwa: megawati 150 kwa megawati-saa 193.5. Piga hesabu: ikitoa nguvu zake zote inakauka kwa saa moja na dakika 17 hivi, kabla ya upanuzi na baada yake.

Sifa yake iko kwenye frikwensi, yaani mara ngapi mkondo wa umeme hugeuka na kurudi kwa sekunde; uzalishaji ukipungukiwa ghafla, hushuka. Gridi ya huko, kama zetu, hutakiwa kukaa kwenye herzi 50. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba 2017 mtambo mmoja wa makaa wa Loy Yang A, katika jimbo jirani la Victoria, ulizimika na kuondoka na megawati 560. Frikwensi ikashuka hadi kama 49.8. Hornsdale ikamwaga megawati 7.3 kabla mtambo wa makaa wa Gladstone, wenye mkataba wa kazi hiyo, haujaanza kuitika. Waliosema betri iliokoa gridi walitia chumvi, maana 7 ni nini mbele ya 560? Kilichoonekana ni kasi: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa gridi, haingoji valvu ya mvuke ifunguke.

Kasi hiyo lakini inategemea mipangilio ya programu, na hapo pana doa. Mwaka 2019, kwa miezi kadhaa, betri iliuza sokoni huduma ya dharura ya kushikilia frikwensi ambayo haikuwa na uwezo wa kuitoa kama ilivyoahidi. Ilijulikana Oktoba, mtambo wa makaa wa Kogan Creek, jimbo la Queensland, ulipozimika na betri ikaitika pungufu. Mwaka 2022 mahakama ikaamuru kampuni ya betri hiyo ilipe dola 900,000 za Australia. Kwa hiyo shirika la umeme linalonunua huduma ya namna hii lisiridhike na jaribio la siku ya uzinduzi: lidai kumbukumbu za kila frikwensi inaposhuka, zilizopimwa kwa sehemu ndogo za sekunde, na jaribio jipya kila programu inapobadilishwa.

Kwa kilele cha matumizi ya jioni, agiza kitu kingine. Megawati 100 kwa saa nne ni megawati-saa 400 zinazotoka, na kuchaji kunahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa katika kila 100 zinazoingia hurudi 80 na ushee tu.